Koki Nyuma ya Shingo

Jumapili, 7 Septemba

Krr. Krr. Krr. Sauti ndogo, kavu, kama panya anayeguguna ubao chumba cha pili. Haijatoka masikioni tangu jana. Niliisikia chini ya kizimba namba nne cha kufugia samaki nikirudi kinyumenyume, tope kifuani, sakafu ya wavu mgongoni. Sikuijali. Nilikuwa nimemaliza kukagua kamba ya nanga na nilikuwa nawaza chai. Kisha pumzi ikaja nusu. Iliyofuata haikuja kabisa.

Mita tisa za maji. Si nyingi. Lakini juu yangu kulikuwa na wavu uliojaa ngege, na ukingo wake ulikuwa mbali kama hatua nne za mtu mzima. Nilijisukuma kwa mikono kwenye tope. Maji yakawa uji, sikuona hata vidole vyangu. Nilipopita ukingo nilipanda huku nikitoa hewa iliyobaki kifuani, kama tulivyofundishwa. Nilifika juu.

Nilikuwa peke yangu majini, kama kila Jumamosi. Mwenzangu ni Mzee Ouko, shemasi wa Wasabato, na Jumamosi hashuki hata vizimba vyote vizame. Kwa hiyo siku hiyo ni yangu, mwaka wa pili sasa. Juu ya jukwaa hubaki Boaz. Boaz hunivisha mtungi wa hewa, hufungua koki nyuma ya shingo yangu, kisha hugonga mtungi mara mbili kwa pete yake ya ndoa. Mara mbili maana yake iko wazi, nenda. Huwa anaongeza, "Daktari, wagonjwa wamepanga foleni." Daktari ni jina la utani. Nina digrii ya mambo ya samaki na hilo humchekesha kila siku.

Jana alinivuta juu ya mbao, akashika koki, akaruka kama ameshika moto. "Imefungwa! Nani amefunga?"

Wafanyakazi wawili wa chakula cha samaki walikuwa wanatazama. Nikasema, "Wewe hukufungua."

Aliangalia mkono wake.

Jumatatu, 8 Septemba

Meneja amemrudisha Boaz nyumbani kwake, kisiwani Mfangano, mpaka atakapoitwa. Aliniomba niandike mistari michache. Nikaandika: koki haikufunguliwa vizuri. Nikatia sahihi. Meneja hajawahi kuingiza kichwa ndani ya ziwa hili. Aliamini.

Mzee Ouko amekuwa akishuka majini tangu mimi niko shule ya msingi. Alisoma karatasi ikiwa bado mezani, akavua miwani.

"Dakika ishirini na tano chini kule ulikuwa unapumua nini?"

"Ilikuwa wazi kidogo, Mzee."

"Aa."

Akaenda kukunja nyavu. Sijui kama "aa" yake ilikuwa swali.

Jumanne, 9 Septemba

Tumeshuka wawili, vizimba vitatu. Mzee Ouko alikuwa karibu kiasi cha kunigusa. Nilipaswa kufurahi. Nilikereka. Kila nikigeuka, miwani yake inanitazama.

Niseme ukweli hapa, ambapo hakuna anayesoma. Naipenda Jumamosi. Si ujasiri. Ni siku pekee ambayo hakuna macho juu yangu. Chini kule nakosea, narudia, na hakuna ajuaye. Meneja akianza kuchimba yaliyotokea, atafunga Jumamosi. Hilo ndilo ninaloogopa. Kufa nakuogopa pia, lakini hilo lilinijia la pili.

Jumatano, 10 Septemba

Anayeshuka peke yake lazima awe na hewa ya pili, iliyo mbali na ile ya kwanza. Hili nililijua. Nimekaa mwaka na zaidi bila kulifanya kwa sababu mambo yalikuwa yanaenda.

Nimechora njia tatu kwenye daftari.

Ya kwanza ni kubaki na mtungi mmoja mgongoni na kuongeza mdogo wa akiba kifuani, wenye kipumulio chake. Ni rahisi. Meneja amesema upo mmoja stoo, nichukue tu. Unatosha kunitoa chini ya wavu na kunipandisha. Lakini koki kubwa inabaki pale pale, nyuma ya shingo.

Ya pili, mitungi miwili mgongoni iliyounganishwa kwa bomba. Hewa nyingi. Koki tatu, zote nyuma. Mkono wangu wa kushoto ulivunjika nikiwa mdogo na ukaunga vibaya, haupiti sikio. Nimejaribu mbele ya kioo. Nimejaribu nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, kama niko majini. Haufiki. Kuwa na koki tatu usizoweza kuzigusa ni kubeba chuma tu.

Ya tatu ni mtungi mmoja kila ubavu, chini ya kwapa. Koki ziko mbele, chini ya macho. Kila mtungi na kipumulio chake. Mmoja ukikataa, naufunga kwa mkono wangu na kuhamia wa pili. Ugumu wake naujua: lazima kupumua kwa zamu, huu kidogo, ule kidogo, ili usielemee upande. Mabomba mawili ya kukumbuka ni lipi ni lipi. Na ubavu mpana unaweza kunasa kwenye wavu. Lakini ukinasa nitaona ulipo.

Naitaka ya tatu. Mikanda yake hatuna. Nimemwandikia mpiga mbizi mmoja wa Mwanza, ana ya mitumba.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimejua.

Wakati wa chakula cha mchana kila mtu alikuwa kwa mama wa samaki. Nilifunga mlango wa banda la nyavu. Nilining'iniza wavu wa zamani uwe chini kama ulivyo kule, nikavaa mtungi, koki wazi kabisa, nikatambaa chini yake. Mbele. Hakuna sauti. Mbele tena, nikiinua mgongo ili wavu ubane. Hakuna. Nilitaka kuacha, magoti yanauma kwenye saruji.

Basi nikarudi kinyumenyume, kama ninavyotoka siku zote, kwa sababu sipendi kugeuka mahali nisipoona.

Krr.

Wavu ulikuwa umeshika mpira wa koki na kuuzungusha. Nikarudi nyuma mara tano, sita. Nikavua mtungi. Koki ilikuwa imebaki nusu ya mzunguko ifunge.

Nikakaa sakafuni. Jambo lingine likanijia, na hili sikulivumbua leo. Jumamosi, kabla ya kushuka, nilivuta pumzi mbili nikiangalia geji ya hewa, kama kawaida. Koki ikiwa wazi kidogo tu, mshale wa geji huanguka kila unapovuta. Haukuanguka. Ulisimama imara kama msumari. Niliuona. Nilikuwa nimeuona nilipomwambia "hukufungua". Nilikuwa nimeuona nilipotia sahihi.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijasema.

Nimejipa sababu nyingi leo. Kwamba atarudishwa tu. Kwamba wiki moja au mbili nyumbani si kitu. Nimezisoma moja moja kichwani. Zote ni za mtu mwoga.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeshuka peke yangu. Mtungi mmoja mgongoni, mdogo wa akiba kifuani. Juu ya jukwaa wameniwekea kijana wa chakula, anasema "sawa madam" kwa kila kitu.

Mtungi mdogo nilikuwa nimeufunga kwa vipande vya tyubu ya pikipiki, kama kila mtu hapa anavyofunga kila kitu, kuanzia kreti za soda mpaka mbuzi. Nchi kavu tyubu inashika vizuri. Majini ililegea. Mtungi ukazunguka mpaka kiunoni na kipumulio cha akiba kikaingia chini ya tumbo langu. Hewa ya akiba niliitafuta kwa vidole sekunde nyingi mno. Nilikuwa bado nje ya wavu, namshukuru Mungu.

Sikuingia chini ya namba nne. Nilishika ukingo, nikatazama ule weusi, mwili ukakataa. Nilielea pale mpaka muda ukapita.

Nilipopanda nikaandika: maji machafu, kamba za kati hazikuonekana. Maji huwa machafu siku zote.

Najichukia leo. Si kwa kuogopa. Kwa kuandika.

Jumatatu, 15 Septemba

Isebania, mpakani na Tanzania. Mikanda imekuja kwa basi kutoka Mwanza mpaka Sirare. Kijana wa vifurushi, Mtanzania, aliishika kwa vidole viwili.

"Dada, hii ni nini, parachuti?"

"Ni ya kubebea mitungi."

"Ya gesi?"

"Ya hewa."

Akawageukia wale wanaobadilisha pesa. "Jamani, Kenya sasa hewa wanaibeba kwenye mitungi! Huko kumekuwa kugumu." Walicheka mpaka lori likapiga honi. Nikacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima, na ilinishangaza kusikia sauti yangu.

Mikanda ni mizuri. Bizimu ni za chuma. Lakini ilishonewa mwanaume mkubwa. Inanipwaya kila mahali.

Jumanne, 16 Septemba

Niko kwa mama, Migori mjini. Anashona sare za shule na mabegi, ana mashine inayopita hata turubai. Nikaiweka mikanda mbele yake.

"Akoth, hii ni ya punda?"

"Ni yangu, Mama."

"Punda wangu basi. Simama wima."

Alikuwa anajua nafanya kazi ofisini, nahesabu samaki kwenye kompyuta. Nilimwambia hivyo mwaka juzi na sikurekebisha. Leo, akinipima kifua na mabega, nilimwambia. Kwamba nashuka chini. Kwamba Jumamosi nashuka peke yangu. Hakupiga kelele. Sindano zilikuwa mdomoni, labda ndiyo sababu. Aliinua mkono wangu wa kushoto mpaka ulipogoma, akaushusha polepole kana kwamba ndio kwanza umevunjika.

"Nani anakufunga huku nyuma?"

"Hakuna cha nyuma. Kila kitu kiko mbele. Nafunga na kufungua mwenyewe."

Akashona kwa muda. Mshono mara mbili, kisha juu yake msalaba. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, "Sasa siku kikiharibika utamlaumu nani?"

Ulikuwa utani. Alicheka mwenyewe. Mimi nilitoka nje kama mtu anayetafuta maji ya kunywa, nikasimama nyuma ya kibanda mpaka uso wangu ukatulia.

Alipomaliza alinikabidhi akaniambia, "Usiniambie siku unazoshuka. Niambie siku ulizopanda." Nimeondoka na hiyo.

Jumatano, 17 Septemba

Mikanda ni yangu lakini mtungi wa pili mkubwa na kipumulio kingine ni mali ya kampuni. Meneja alinipa fomu. Jina. Kifaa. Sababu.

"Si nilikupa ule mdogo?" alisema. "Huo hauna fomu, unachukua tu. Hii ya ubavuni inapelekwa juu, wataniuliza ile ya zamani ina shida gani. Wewe andika vizuri."

Ya zamani ina shida gani. Nimeiangalia nafasi ya "Sababu" mchana wote. Ni mistari mitatu. Nikiandika kwamba koki inaweza kufungwa na wavu, basi haikuachwa imefungwa na Boaz. Nikiandika kitu kingine, naomba kifaa cha kuniokoa kwa uongo ule ule.

Au nibaki na mtungi mdogo. Hakuna atakayeuliza. Natumia bizimu badala ya tyubu, nakaza vizuri, najifunza kugeuka badala ya kurudi nyuma. Inawezekana. Watu wanashuka hivyo na wanazeeka.

Sijaandika.

Alhamisi, 18 Septemba

Mzee Ouko amenikopesha mtungi wake wakati wa mapumziko ili nijaribu mikanda ufukweni, maji ya kiunoni na kidogo zaidi. Alisimama nchi kavu na suruali imekunjwa. Nilifunga macho. Kulia, funga. Badilisha. Kushoto, funga. Fungua. Mkono wangu mbovu ulifika bila kutafuta. Nilirudia mara kumi. Mara ya nne nilichanganya mabomba na kunywa ziwa. Mara ya tano sikuchanganya.

Nilipotoka alikuwa anaangalia koki chini ya kwapa langu.

"Hapa wavu haugusi," alisema.

Kumbe anajua. Akachukua mtungi wake akaenda.

Ijumaa, 19 Septemba

Meneja amesema kama Boaz hatasema lolote la kujitetea wiki ijayo watatafuta mtu mwingine wa kudumu. Alisema akiwa anatafuta chaja ya simu.

Jumapili, 21 Septemba

Jana nilisema naumwa. Sikushuka. Leo baada ya misa nimevuka kwenda Mfangano.

Boaz alikuwa juu ya paa la jiko lake akipigilia mabati. Mke wake alinitambua na hakunikaribisha, alirudi ndani tu. Watoto watatu walinisalimia mmoja mmoja kwa mkono, kwa adabu iliyoniumiza.

"Daktari," alisema kutoka juu. "Wagonjwa wameisha?" Haikuwa na utani ndani yake.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, uso juu, jua machoni. Wavu. Kurudi kinyumenyume. Geji. Nilisema pia kwamba geji niliiona kabla. Nilitaka kuiacha hiyo na nilikuwa karibu kuiacha.

Alishuka ngazi. Aliweka nyundo chini. Mke wake alikuwa amerudi mlangoni.

"Mimi nilikuwa najua," Boaz alisema. "Mkono wangu unajua ulichofanya. Siku ya kwanza tu nilijiuliza. Usiku huo nilimuuliza huyu mama, akaniambia, wewe kufuli ya nyumba unairudia mara tatu, ndio usahau koki?"

Nikasema samahani. Neno lilikuwa dogo, nililisikia likianguka.

"Hiyo umeniambia mimi," alisema. "Mimi nilikuwa najua. Waambie wasiojua."

"Nitawaambia."

"Na nikirudi, koki yako sitaishika. Utafungua mwenyewe."

"Sawa."

"Si kwa hasira, nyathina. Ni hivyo tu."

Ameniita mtoto wake na amenikataa, kwa pumzi moja. Mke wake alileta chai, kikombe kimoja, akaniwekea juu ya kigoda. Niliinywa yote. Hakuna aliyeketi nami.

Jumanne, 23 Septemba

Ziwa limetulia leo. Magugumaji yamesogea upande wa Mbita na maji mbele ya jukwaa ni safi kiasi cha kuona kamba mbili chini.

Sijashuka. Sitashuka mpaka mwisho wa mwezi ujao, nina barua ya onyo. Jumamosi zimefungwa kwa kila mtu hadi apatikane mpiga mbizi wa tatu. Nimepewa daftari la joto la maji. Kila saa mbili natumbukiza kipimo, nasoma, naandika. Nambari ninazoandika ndizo zilizopo.

Boaz alirudi leo asubuhi kwa boti ya kwanza. Ameomba upande wa chakula na amepewa. Alipita na gunia begani, akaniamkia kama anavyoamkia wengine.

Mikanda nimeisuuza kwa maji ya mvua na kuianika stoo. Mitungi miwili ya ubavuni imekubaliwa, kwa yeyote atakayeingia chini ya nyavu, si kwangu tu. Mzee Ouko amejaribu mikanda akasema inambana tumbo.

Fomu niliipeleka jana saa mbili asubuhi, kabla meneja hajanywa chai. Kwenye Jina nimeandika langu. Kwenye Kifaa, mitungi miwili ya ubavuni. Kwenye Sababu, mistari mitatu haikutosha, nikaendelea pembeni: Koki ilifungwa na wavu nikitoka kinyumenyume. Boaz alikuwa ameifungua. Niliona geji kabla ya kushuka, na nilijua.